Mumeo Hajamwacha Mungu, Mwanangu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi upande wa Isyonje, njia ya Tukuyu. Msimu uliopita nilikopa kikoba milioni moja na nusu, mume wangu akauza ng'ombe, tukalima ekari mbili za viazi. Mvua haikukatika, ugonjwa wa ukungu ukaingia, shamba zima likaungua. Mwezi uliofuata mimba yangu ya miezi sita ikaharibika. Tangu hapo mume wangu ameacha kanisa, nikimwita tuombe anageukia ukutani. Anaondoka alfajiri kupakia magunia kwenye malori, anarudi usiku hasemi neno. Mimi nakesha kwenye maombi, nimetoa sadaka ya mbegu laki tatu, na mtumishi ameonyeshwa kwamba mapigo haya yanatoka kwa mama mkwe. Kwa sasa yeye ndiye anakaa na watoto wetu wawili, tangu nilipotoka hospitali. Nifanye nini mume wangu arudi kwa Mungu?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto. Naanza na mtoto kwa sababu barua yako, kabla sijaifupisha, ilijaa viazi, deni na mikesha, na yeye ukampa mstari mmoja tu. Huku kwetu mtu akifiwa watu wanakuja kukaa naye. Hata asiye na la kusema anakaa. Lakini mimba ikiharibika hakuna matanga wala turubai, mama anaambiwa "utapata mwingine", na baba haambiwi chochote. Mumeo naye alikuwa anamsubiri mtoto yule. Umewahi kumpa pole?

Unasema amemwacha Mungu. Nimeisoma barua yako tena na tena, sijamwona huyo mtu. Nimemwona mwanamume aliyetoa ng'ombe wake, akaona shamba linaungua, akapoteza mtoto, halafu akaamka gizani kwenye baridi la Isyonje kwenda kubeba lumbesa mgongoni ili deni ulilokopa wewe lilipwe. Angekuwa anakunywa ungeshaniandikia. Hajakupiga, hajakukimbia kwenda kuanza maisha mapya Tunduma. Unamhesabu kuwa haamini kwa kuwa hapazi sauti. Mimi naona anashikilia imani yake kwa mikono miwili, ila mdomo umechoka.

Kaisome habari ya Ayubu hadi mwisho, usiishie pale alipopoteza mali. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba kimya, na hapo walifanya vema. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Ayubu alilalamika, akailaani hata siku aliyozaliwa, lakini mwishoni Mungu aliwakasirikia wale watatu na kusema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Sasa jiulize nyumbani kwako nani amekaa upande wa Ayubu, na nani amekaa upande wa Elifazi, mmoja wa wale watatu.

Tuje kwa mama mkwe, maana hapa umenikasirisha. Umetoka hospitali, mama huyu akawachukua wajukuu, anawaogesha, anawalisha, wewe ukapata nafasi ya kwenda kwenye mkesha kusikia kwamba yeye ni mchawi! Mchawi asingeachiwa watoto hata usiku mmoja, na wewe umewaacha kwake. Moyo wako unajua ukweli. Umetafuta mtu wa kumbebesha uchungu ukampata aliye karibu.

Ukungu wa viazi unapenda baridi na unyevu, na milima yetu inayo yote mawili. Vimelea vyake vinasafiri kwa upepo na matone ya mvua, na hali ikiwa hivyo shamba linaweza kuungua lote ndani ya wiki mbili. Dawa inatakiwa ipigwe kabla majani hayajashikwa, na mvua ikinyesha mfululizo inaisafisha. Ugonjwa huohuo uliangamiza viazi vya Ayalandi miaka ya 1840, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Nako huko watu walisali. Waliokufa hawakuwa na dhambi kuliko waliopona. Yesu aliulizia jambo kama hilo, mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu kumi na wanane: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, hapana. Mtumishi wako anakuuzia jibu ambalo Bwana alilikataa.

Na si wewe peke yako, ndiyo maana naichapa barua hii. Siku hizi kwenye ibada nyingi aliyenunua gari anapewa kipaza sauti, aliyeunguliwa shamba anaulizwa amekosea wapi. Vijana wanafunga ndoa kwa kamati na michango ya miezi sita, wanaapa mbele ya madhabahu "katika shida na raha", na shida ikibisha hodi kila mmoja anamtazama mwenzake kama ndiye aliyeileta. Mke anakimbilia mikesha, mume anakimbilia kazi, chumbani hakuna anayelia mbele ya mwenzake. Kumtumaini Mungu si kujua kwa nini. Ayubu hakuelezwa sababu mpaka leo.

Sasa fanya hivi. Mkesha uache kwa muda, lala nyumbani. Eliya alipochoka akajilaza chini ya mti akiomba afe, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji, akalala tena, mazungumzo yakaja baadaye. Mumeo akirudi akute maji ya moto na chakula. Usimwite kwenye maombi. Mtaje mtoto. Mwambie, "Baba, nami namkumbuka." Akilia, mwache alie. Akinyamaza, kaa naye.

Nenda kliniki kabla hujabeba tena. Mimba ya miezi sita inaweza kuharibika kwa shinikizo la damu, malaria, kaswende, maambukizi au mlango wa kizazi kulegea, na mengi ya hayo yana matibabu. Mkitaka kurudi kwenye viazi, msipande palepale, na mbegu msichukue zile zilizobaki shambani. Waulizeni wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, ni aina gani zinavumilia ukungu.

Kwa mama mkwe nenda mwenyewe kwa miguu yako, umshukuru kwa watoto. Kama maneno ya mtumishi umeshayapeleka kwa majirani, ukaombe radhi, na kwa hao majirani pia ukayafute.

Limebaki la laki tatu. Hukusema ulizipata wapi. Shamba limeungua, mume anabeba magunia, na fedha ya marejesho inapita mikononi mwako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie leo akirudi, kabla hajaambiwa na wanakikoba, kisha mwende wote wawili kwa mwenyekiti kuomba muda wa kulipa.