Wachungaji wa kuzunguka wa Mennonite (dhehebu la Kikristo) walilipwa?
Wengi hawakulipwa hata senti, kule Saskatchewan, Kanada, walikuwa wakulima tu waliochaguliwa na waumini wenzao. Sasa mwenye kazi kubwa ya kuzunguka alikuwa askofu, coz ubatizo na Meza ya Bwana vilikuwa vyake, na kanisa kama Rosenort lilikuwa na vikundi vimetapakaa huku na kule ila askofu mmoja, David Toews, tangu 1913. Kipindi cha baridi unapanda kigari cha farasi cha kuteleza kwenye theluji, miguuni umeweka mawe yaliyopashwa moto, usiku unalala kwa muumini yeyote. Huyohuyo Toews akabeba na deni la nauli za wahamiaji wa Mennonite toka Urusi, walioletwa kwa mkopo wa reli ya Canadian Pacific kuanzia 1923. Mzee alichoka jamani!