Maswali ya Wasomaji: Kuanzisha Klabu ya Shabaha na Michezo ya Nje Tanga

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana huku Pongwe. Tuna mbio, baiskeli na kuogelea, na sasa tunataka kuongeza mchezo wa kulenga shabaha. Mzazi wa mwenzetu mmoja ametupa ruhusa ya mdomo kutumia shimo la zamani la kuchimbia mawe lililomo ndani ya shamba lake. Askari mstaafu amekubali kutufundisha bila malipo, na mwanachama mmoja ana bunduki yenye leseni ambayo anasema tutaitumia kwa zamu. Majirani wameanza kunung'unika kabla hata hatujaanza. Tushike lipi kwanza?
Katibu, Pongwe

JIBU: Ndugu Katibu, nitaanza na hiyo bunduki ya mwanachama wenu, maana ndiyo itakayowaponza. Iacheni nyumbani kwake. Leseni ya silaha, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, hupewa mtu aliyechunguzwa yeye mwenyewe, na haigeuki kuwa ya kikundi kwa sababu mwenyewe ni mkarimu. Siku atakapompa mwenzake ashike zamu, wote wawili watakuwa wamejitia matatani na polisi, na klabu itakufa kabla haijasajiliwa. Wala msiichukulie bunduki ya hewa, ile inayosukuma risasi ndogo kwa nguvu ya hewa, kuwa ni kitu cha kuchezea watoto: kabla ya kununua hata moja, mwandikieni Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mkieleza aina na idadi ya bunduki, mahali zitakapofungiwa na nani atakayeshika ufunguo, kisha subirini jibu la maandishi. Ahadi ya mdomo iliyotolewa kaunta huondoka na ofisa aliyeitoa siku anapohamishwa.

Wakati mnasubiri jibu hilo, msikae bure. Anzeni na upinde na mishale, mchezo ambao una nidhamu ileile ya mstari, ya kupumua na ya kutii amri, na ambao gharama yake kubwa ni pinde chache za kujifunzia na magunia yaliyoshindiliwa nyasi kavu. Wanaoanza wasimame mita 10 tu, baadaye 18. Ile mita 70 wanayopiga wachezaji wa Olimpiki itakuja kwa wakati wake. Njia nyingine ni bastola za mwanga wa leza, ambazo hazitoi risasi yoyote na ndizo zilizotumika katika pentatloni ya kisasa, mchezo mmoja wenye mashindano matano, kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Binafsi ningechagua upinde, kwa sababu kijana anauona mshale wake ulipokwenda na hahitaji kuelezwa kwamba amekosea.

Usajili wenyewe hauna mzunguko mrefu. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya vyama na vilabu vya michezo, na mlango wenu wa kuingilia ni ofisi ya Afisa Michezo wa Jiji. Nendeni na katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha klabu na orodha ya wanachama. Katika katiba, andikeni waziwazi kwamba msimamizi wa mstari wa shabaha hawezi kupingwa na mwenyekiti wala na mfadhili wakati mazoezi yanaendelea. Kipengele hiki husahaulika, na matokeo yake ni mgeni rasmi anayepewa upinde au bunduki apige picha huku watu wamesimama mbele yake.

Sasa hilo shimo la mawe. Ninaelewa kwa nini limewavutia: kuta zimesimama zenyewe, na mtu akitazama harakaharaka anaona uwanja umekwisha kujengwa. Lakini ukuta wa mawe ya chokaa ni mgumu na haukusawazika, na risasi ndogo ya bunduki ya hewa ikiupiga hutawanyika au hurudi ilikotoka, tena kwa pembe ambayo hakuna awezaye kuikadiria. Umbali wa shabaha ya bunduki ya hewa ni mita 10 tu. Kipande kinachorudi hakina safari ndefu ya kufika machoni. Kwa hiyo ukuta ule uhesabuni kuwa uzio wa nje, na mbele yake mjenge tuta la udongo laini uliochekechwa mawe, mlishikize kwa viroba vya mchanga, na mbele ya tuta muweke masanduku ya shabaha yenye bamba la chuma lililoinamishwa, ili risasi ipigwe kuelekea chini na ibaki ndani ya sanduku. Kitovu cha shabaha kiwe mita 1.4 kutoka usawa wa sakafu. Kila aliye ndani ya uwanja, hata aliyekuja kutazama tu, avae miwani ya kinga. Na iwapo siku moja mtafikiria bunduki za risasi za moto, fahamuni kwamba hata ile ndogo yenye tundu la milimita 5.6 hurusha risasi zaidi ya kilomita moja. Hapo tuta hilo halitoshi, na huo ni mradi mwingine kabisa, unaohitaji mhandisi na ardhi nyingine.

Elekezeni shabaha upande wa kusini. Tanga iko kusini kidogo ya ikweta, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko kaskazini mwetu: litaangaza shabaha na kumpiga mlengaji kisogoni, wala si usoni. Anayeelekeza uwanja mashariki atapoteza asubuhi zake zote, na asubuhi ndiyo saa nzuri ya mchezo huu, kabla upepo wa bahari haujaanza kuchezea mishale. Halafu kumbukeni kwamba shimo la namna hiyo hujaa maji wakati wa masika. Wekeni uzio kabla ya Machi, kwa maana mtoto wa jirani aliyetumbukia kwenye dimbwi la klabu ni msiba wenu nanyi pia.

Ruhusa ya mzee mwenye shamba nayo iandikwe, itaje miaka, mipaka na nani atakayesafisha udongo mtakapoondoka, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Warithi hawafungwi na maneno yaliyosemwa barazani.

Kuhusu mwalimu wenu, ni bahati kumpata, ila mketi naye mkubaliane kwanza. Mazoezi ya askari yana lengo lake, na mtoto wa miaka 14 hafundishwi kwa kukaripiwa. Kinachopaswa kubaki cha kijeshi ni mstari na kipenga. Katika upinde, desturi ya mashindano ya kimataifa ni hii: kipenga mara mbili, wachezaji wanasogea kwenye mstari, mara moja, wanaanza kupiga, mara tatu, wote wameshusha pinde na wanakwenda kuchukua mishale, mara tano au zaidi, kuna hatari na kila kitu kinasimama palepale. Zoezini hivyo hata siku mkiwa watatu tu. Mtazame kijana ambaye mshale umemponyoka na kuanguka hatua moja mbele ya mstari: mkono unamwasha kuuokota, anainama, na wa kushoto kwake amekwisha kuvuta upote mpaka kidevuni. Ni sekunde mbili tu, na msimamizi hatakiwi kuwa anajibu simu. Anayekwenda kuchukua mishale naye atembee, asikimbie, kwa sababu mkia wa mshale uliochomeka kwenye gunia uko usawa wa uso wa mtoto.

Majirani mliwakosea kwa kuchelewa kuwaona. Wana haki ya kuuliza. Waiteni pale shimoni, muwaoneshe tuta lilipo na bendera nyekundu itakayopandishwa kila mazoezi yanapoendelea, mkubaliane saa, muache Ijumaa mchana, na muulize ni akina nani wanaopita humo kutafuta kuni au kuswaga mbuzi. Kama kuna njia ya miguu inayokatiza nyuma ya uwanja, itafutiwe njia mbadala kwa makubaliano. Kuifunga kwa miiba ni kuchokoza ugomvi.

SWALI: Mwanangu wa miaka 12 huenda na mjomba wake kwenye mazoezi ya bunduki ya hewa. Nimegundua kwamba huokota risasi zilizotumika, huziyeyusha kwa mkaa uani kwangu kwenye sufuria kuukuu, na kuwauzia wavuvi chubwi za mishipi. Mjomba anasema ni ujasiriamali. Je, kuna madhara?
Mama, Sahare

JIBU: Mama, yapo, na azuiwe leo. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, na hapo hutoa moshi na vumbi vinavyovutwa puani na kutua juu ya vyombo, nguo na mchanga wanaochezea wadogo zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto huyafyonza zaidi kuliko wa mtu mzima. Vinavyoumia ni ubongo na uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayarekebishiki. Sufuria ile isirudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa kwa majivu. Mpeleke mtoto hospitali, umweleze daktari habari yote, na umwombe ushauri kuhusu kipimo cha damu.

Kwa upande wa klabu, kosa hapa ni la wakubwa. Risasi zilizotumika ni taka za klabu: huchekechwa na mtu mzima aliyevaa glavu, eneo likiwa limelowanishwa maji ili vumbi lisiruke, huwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kukabidhiwa mnunuzi wa chuma chakavu anayejua anachopokea. Watoto wasiguse. Pasiwe na karanga wala mihogo ya kukaanga kwenye mstari, na kila mmoja anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kuondoka. Na mwambie mjomba kwamba kuna biashara nyingine.

SWALI: Nina miaka 61, mwalimu mstaafu, mwanamke. Vijana wananicheka nikisema nataka kujiunga na klabu ya shabaha. Nimechelewa?
Bibi, Pangani

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Oscar Swahn wa Uswidi alipata medali ya fedha ya shabaha kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 akiwa na miaka 72. Kuhusu wanawake, Zhang Shan wa China alichukua dhahabu ya kupiga sahani zinazorushwa angani huko Barcelona mwaka 1992, katika shindano ambalo wanaume na wanawake walipambana pamoja. Hao wanaokucheka waulize wao wana medali gani.

Ukichagua upinde, omba ule mwepesi kuvuta, unaohitaji nguvu ya ratili 18 hivi, hata kama mwalimu anakusifia nguvu. Mabega ndiyo huumia kwanza. Ukichagua bastola ya hewa, jambo la kushughulikia ni macho. Mlengaji hukaza jicho kwenye kilengeo cha mbele cha bastola, na shabaha yenyewe huiacha ionekane kwa ukungu kidogo. Miwani yako ya kusomea huenda ikawa ya karibu mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo ukienda kwa daktari wa macho, nyoosha mkono wako mbele yake, umwoneshe ncha ya kidole gumba, na umwambie hapo ndipo unapotaka kuona vizuri.