Jibu: Ngoma na kayamba kwenye misa, ibada au burudani?
Ndugu, umeuliza kama ngoma na kayamba kwenye misa ni ibada au burudani tu. Zaburi ya 150 inataja matari, zeze na matoazi, hadi kucheza. Na kwetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulitamka mwaka 1963 kwamba muziki wa jadi wa watu upewe heshima yake katika liturujia.

Mimi naimba besi, na kipimo changu ni kiitikio: waumini wakiitikia ni ibada, wakitazama tu ni burudani. Jumapili moja tulipiga wimbo mgumu wa sauti nne. Waumini walitutazama tu, wengine wakirekodi kwa simu. Iliyofuata umeme ulikatika, kinanda kikazima. Bibi mmoja benchi la nyuma akaanzisha wimbo, kanisa zima likaitikia. Mwalimu wetu wa kwaya hapendi nikisimulia hili.