Jibu kwa mdau wa Pulsar anayetaka kupeleka XL Msimbati: mchanga unakuadhibu ukikata mafuta

Mkuu salama? Nimesoma swali lako jana usiku nikaona nisilijibu kwa mistari miwili, maana hili jambo mi limeshanivunja mguu. Umesema una miaka 6 kwenye Pulsar, lami tupu, Mtwara hadi Lindi hadi Masasi, sasa umepata Honda XL 125 ya mkononi, pikipiki ya porini, na Jumamosi ijayo unataka uende nayo Msimbati, kule kijiji cha ufukweni Mtwara, ukauliza mchanga unaendeshwaje na ubadilishe nini kwenye pikipiki.

Kwanza Jumamosi ijayo usiende. Nasema hivyo kwa sababu ule mchanga wa kuingilia kule kijijini ni mzito, gari zenyewe zinakwama, na we una kitu kimoja kibaya zaidi ya kutojua: una miaka 6 ya mazoea ya lami. Asiyewahi kuendesha kabisa angefundishika haraka kuliko wewe, na kuliko mimi nilivyokuwa.

Mi nilianguka barabara ya ndani huku Tandahimba kwenda Newala, katikati ya mikorosho, nilikuwa na DT 125 niliyoinunua mwezi huo huo na nyuma nina miaka nane ya lami. Nikaingia sehemu ya mchanga mwekundu uliolegea, tairi la mbele likaanza kutangatanga kushoto kulia, nikafanya yale ambayo kwenye lami yangeniokoa, nikakata mafuta (yaani nikaachia eksereta), nikashika breki ya mbele, nikashusha mguu wa kushoto. Tairi likazama hapo hapo, pikipiki ikanilalia, na mguu niliokuwa nimeushusha ndo ukavunjika kifundo. Wiki sita za P.O.P., ile plasta ngumu. Nikiwa bado nimekaa chini akapita kijana wa bodaboda na Boxer, tairi za kawaida kabisa, nyuma kafunga viroba viwili, kapita pale pale nilipoangukia kisha akasimama mbele penye udongo mgumu akarudi kwa miguu kuninyanyua. Hiyo picha sijaisahau mpaka leo, maana pikipiki yangu ndo ilikuwa ya porini, yake ni ya mjini.

Nilipopona nikamtafuta anielekeze, na alichoniambia ndo ninachokupa wewe: mchangani ukiogopa ongeza mafuta kidogo, usikate. Sababu yake ni rahisi, ukikata mafuta uzito wote unahamia mbele, tairi la mbele linageuka jembe, linachimba badala ya kubiringika. Ukiongeza, mbele panakuwa pepesi, tairi linapanda juu ya mchanga na lile la nyuma linakusukuma. Litacheza, ndio, pikipiki itayumba chini yako muda wote na hiyo ni kawaida yake, we iache iyumbe. Anayeanguka ni yule anayetaka kuinyoosha kwa nguvu. Shika usukani kama umeshika kifaranga, asife asitoroke.

Na macho. Ukiangalia tairi lako umekwisha, angalia mita ishirini thelathini mbele pale unapotaka kwenda. Gia ya pili, injini iwe inavuta, uingie kwenye mchanga tayari ukiwa na mwendo, sio unafika ndo unaanza kutafuta gia.

Sasa kusimama. Watu wengi wanadhani kusimama kwenye vikanyagio ni madoido, hapana, ukikaa uzito wako wote uko kwenye siti huko juu na kila shimo linakurusha, ukisimama uzito unashuka kwenye vikanyagio na pikipiki inapata nafasi ya kupanda na kushuka bila kukusumbua wewe. Magoti yabane tenki, viwiko vitoke nje kidogo, mchangani rudisha makalio nyuma kidogo. Ukichoka kaa, lakini MIGUU IBAKI JUU YA VIKANYAGIO. Utawaona bodaboda wanakanyaga kanyaga chini mchangani kwa mwendo wa kutembea, wao wana miaka mingi na wanajua lini. We ukishusha mguu kwenye spidi 40 utapata nilichopata mimi.

Pa kufanyia mazoezi pako pengi. Tafuta shamba la mikorosho lililopaliwa, muombe mwenyewe, na usiende msimu wa kuokota korosho, maana mbali na usumbufu kwa watu walioko kazini, mabibo yakishadondoka yanateleza vibaya mno. Angalia na matawi, mikorosho inainamia chini sana. Zunguka miti miwili kwa umbo la nane taratibu sana, gia ya kwanza, klachi nusu, breki ya nyuma kidogo. Kona ya huku sio ya lami, kwenye lami unalala pamoja na pikipiki, kwenye udongo uliolegea unailaza pikipiki yenyewe na mwili wako unabaki wima, uzito unaukandamiza kwenye kikanyagio cha nje. Mi ilinichukua kama wiki tatu mpaka mwili ukakubali. Halafu makusudi kabisa, spidi 20, funga breki ya nyuma tairi liburuze, rudia mpaka moyo usishtuke tena. Breki ya mbele tumia vidole viwili kwenye udongo mgumu, kwenye mchanga laini usiiguse.

Upepo wa tairi. Hapa ndo penye faida kubwa kwa pesa sifuri. Kwenye lami najua unajaza PSI 28 hadi 32, ukiingia mchangani shusha mpaka 18 mbele na 20 nyuma, tairi linatanuka chini na haliwi kisu tena. Usishuke zaidi ya hapo kwa tyubu, maana kwenye mawe tyubu inabanwa na rimu inatoboka matundu mawili, na tairi linaweza kuteleza kwenye rimu likang'oa valvu. Beba pampu ya mkono ujaze tena ukirudi lami. Beba na tyubu ya akiba, na sikia hii: XL ina rimu ya 21 mbele na 18 nyuma. Huku kwetu tyubu za 17 na 18 zimejaa kila duka, ya 21 utazunguka mji mzima. Ukiipata nunua mbili, na ukikwama porini hiyo ya 21 unaweza kuikunja kidogo ikaingia hata kwenye tairi la nyuma ikakufikisha nyumbani.

Tairi weka za meno makubwa. Kofia unayo, ongeza buti ngumu zinazopita kifundo, hata gamboti za shamba ni afadhali kuliko raba. Vumbi la huku juu Newala ni laini kama unga, eya klina ya sponji ifungue kila safari, ioshe, ikaushe, ipake oili kidogo. Usipofanya hivyo vumbi linaingia kwenye silinda na injini itaanza kula oili.

Miteremko ile ya kutoka Newala kushuka bonde la Ruvuma usiikimbilie. Ukifika huko gia ya kwanza au ya pili, usibane klachi, acha injini ikushike. Na masika usijaribu kabisa ule udongo mweusi wa mabondeni, Boxer na madigadi yake ya chini tairi linajaa matope mpaka haligeuki. XL yako madigadi ya mbele yako juu kwa sababu hiyo hiyo, lakini hata yenyewe itateleza kama imewekwa kwenye sabuni. Kama utakuta maji yanapita barabarani, shuka uvuke kwa miguu kwanza ujue kina. Ikizimika ndani ya maji usipige stata wala kiki, itoe nje, fungua plagi, maji yatoke ndo uwashe.

Ukishafanya shamba wiki tatu nne, nenda barabara za vumbi za kawaida, mimi ningekupeleka Tandahimba kwanza. Watu wa Lindi wana njia nzuri kiangazi kuelekea Tendaguru, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Ukipita huko na pikipiki ndo utaelewa kazi waliyofanya wale watu.

Msimbati uje iwe baada ya hapo, uwe na mwenzio, na mfike maji yakiwa yametoka, ule mchanga wa chini uliolowa ni mgumu na pikipiki inatembea vizuri, wa juu uliokauka ndo unaokula watu. Waachieni wavuvi na nyavu zao nafasi. Ukirudi tu, usiku huo huo, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, spoku, cheni, chini ya injini kote, kisha cheni ipake oili kabla hujalala.