Nimefukuza watatu, mali bado inapotea

SWALI: Shikamoo mzee. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Leo inapotea rangi, kesho misumari, mwezi uliopita nondo. Nimefukuza watatu, na wapya nao wameshaanza. Shoti ikitokea, yaani hesabu ikipungua, nawakata wote hela, lakini wapi! Nikienda Dar kufuata mzigo, mtunza stoo ndiye anayepokea, anayeandika daftari na anayeuza. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, tunampa mteja anayeidai. Je, nifunge kamera?
Mwenye duka, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamera funga ukipenda. Ila watu umeshabadilisha na wizi uko palepale, kwa hiyo sasa likague duka lenyewe.

Tuanze na shoti. Asiyegusa hata msumari anakatwa sawa na aliyeiba. Baada ya miezi miwili anajiuliza uaminifu wake unamsaidia nini. Mwezi wa tatu anaondoka na galoni ya rangi, na moyoni haoni kama ameiba, anaona amejirudishia chake. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Jerald Greenberg, alichapisha habari za viwanda vya kampuni moja vilivyokata mishahara asilimia 15 kwa wiki 10. Pale wafanyakazi walipoelezwa sababu kwa kina na kwa heshima, wizi ulipanda kidogo. Pale walipotangaziwa juu juu tu, ulipanda sana. Mishahara iliporudi, ukashuka. Basi futa shoti ya pamoja mwezi huu, na uwaambie mwenyewe, umekaa nao.

Mtunza stoo wako, hata awe mcha Mungu namna gani, umemweka pabaya. Anayepokea mzigo asishike daftari. Na kila jioni kabla ya kufunga, hesabuni vichache vinavyotoka haraka: saruji, nondo za milimita 12, galoni. Nimekagua stoo za watu miaka mingi; kazi hiyo inaudhi, lakini mali ikipungua unajua ni leo, na nani alikuwepo.

Hilo la EFD umelitaja kana kwamba ni dogo. Unamfundisha kijana kuuza bila karatasi ili TRA, watu wa kodi, wasione, halafu unashangaa akiuza bila karatasi ili wewe usione? Kila mauzo yawe na risiti. Na wewe ukichomoa hela kwenye droo kwa ajili ya ada ya mtoto, andika, wakuone ukiandika.

Mshahara hukuutaja kabisa. Unalipa tarehe ngapi?