Mdogo wangu wa Mwanza, usianze na kemikali

Juzi tumetimiza miezi 12 mfululizo bila kuvuka kikomo cha zebaki. Jioni ile ile nikapata ujumbe wa kijana anayesoma uhandisi wa mazingira, yuko Mwanza: "Kaka, huko mnatumia kemikali gani kuondoa zebaki kwenye majitaka? Nataka kuandika pendekezo la mradi." Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na lilinigharimu sana.

Nafanya kazi kwenye mtambo wa majitaka wa mji mdogo kando ya Ziwa Superior, upande wa Marekani. Mimi ni mtoto wa Musoma. Nimekulia kwenye ziwa la pili duniani kwa eneo la maji baridi, nikaja kuajiriwa kwenye la kwanza. Kikomo chetu cha zebaki kwenye maji tunayoyatoa ni nanogramu 1.3 kwa lita; nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kinatokana na mwongozo wa Marekani wa mwaka 1995 kuhusu Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na kiliwekwa kwa ajili ya wanyama wanaoishi kwa samaki: tai, mdiria, fisi-maji. Zebaki ikitua kwenye tope la ziwa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ikaingia kwa wadudu, kisha kwa samaki mdogo, kisha kwa samaki mkubwa, ikiongezeka kila hatua.

Piga hesabu uone udogo wa kiasi chenyewe. Gramu moja ya zebaki inatosha kufikisha lita milioni 769 za maji kwenye kikomo hicho. Mtambo wetu hutoa lita milioni 40 kwa siku. Yaani gramu moja, iliyomwagwa na mtu mmoja kwenye sinki moja, ni kikomo chetu cha siku 19.

Matokeo yetu ya kwanza mabaya yalikuwa nanogramu 4.6 kwa lita. Nilikuwa na miezi minane tu kazini na nilikuwa na hamu ya kuonekana. Nikasimama kikaoni nikatetea polima yenye sulfuri, kemikali ya kutia majini, kwa sababu sulfuri na zebaki hung'ang'aniana. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na grafu. Wakanikubalia, pesa ikatoka. Baada ya wiki kumi namba ilikuwa 4.1.

Msimamizi wangu wa wakati ule aliniondoa kwenye kazi ya kuchukua sampuli mbele ya watu wote. Sikujibu. Mpaka leo nikikumbuka ukimya wa chumba kile, kifua kinabana.

Kosa langu halikuwa kwenye kemia. Polima ile hushika zebaki iliyoyeyuka, na yetu nyingi ilikuwa imeshikamana na chembechembe ndogo za uchafu zilizokuwa zikiponyoka kwenye matangi ya kutuamisha. Punguza chembechembe, na zebaki inapungua nazo. Hilo lingeonekana kwa kuchuja chupa moja ya maji na kupima maji yaliyopita na uchafu uliobaki, kabla ya kununua chochote. Sikulifanya, kwa sababu nilishaamua jibu.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi. Sampuli za zebaki huchukuliwa na watu wawili. Mmoja ni "mikono safi", hagusi kitu ila chupa. Mwenzake ni "mikono michafu", anashika mfuko wa nje, pampu na kila kilichobaki. Kila safari mnabeba pia sampuli tupu, maji yasiyo na zebaki, mnayafungua pale pale kisha mnayarudisha maabara. Nilipoondolewa, dada mmoja mtaratibu akachukua nafasi yangu, akachimba kumbukumbu zangu. Sampuli zangu tupu zilikuwa na zebaki. Mimi nina jino lililozibwa kwa risasi ile ya rangi ya fedha nikiwa darasa la sita. Sisi tunaiita risasi, lakini ni amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mwongozo wa kuchukua sampuli unaonya wazi kwamba mwenye jino la namna hiyo asipumulie chupa iliyo wazi. Nilikuwa naiinamia nikihakikisha imejaa.

Kwa hiyo sehemu ya ile 4.6 ilikuwa pumzi yangu. Sehemu tu. Iliyobaki ilikuwa ya kweli, na tuliipata kwa kupanda juu, kufuata mabomba hadi majitaka yanakotoka, chemba baada ya chemba. Kila bomba linapogawanyika unapima matawi yote mawili, unafuata lenye namba kubwa. Miezi ya kufunua mifuniko kwenye baridi siisimulii. Mwisho tulifika mtaa wenye kliniki ya meno.

Kliniki ile haikuwa inavunja sheria makusudi. Tangu tarehe 14 Julai 2020, kliniki za meno Marekani zinazoweka au kutoa amalgamu hulazimika kuwa na kifaa cha kuitenga na maji, chenye kunasa angalau asilimia 95. Walikuwa nacho. Lakini kila Ijumaa mfanyakazi alisafisha mabomba kwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo. Klorini huyeyusha zebaki ikapita kifaa kama maji, kisha huko chini ikajishika na uchafu na kuja kwetu. Ndiyo maana kanuni hiyo hiyo imekataza dawa za aina hiyo. Tulizungumza nao kwa heshima, wakabadilisha sabuni. Watu wa mji wa Duluth, jirani zetu, walianza kukaa na madaktari wa meno tangu miaka ya 1990. Sisi tulikuwa tunataka kununua kemikali.

Basi mdogo wangu, anza juu, zebaki inakotoka. Nasema tena, anza juu. Mtambo hauiangamizi zebaki, unaihamisha tu kutoka majini kwenda kwenye tope. Ukilichoma tope bila kichujio, inatoka kwa bomba la moshi na mvua inakurudishia. Huko kwenu, kabla ya pendekezo, tembea. Uliza nani anachoma dhahabu mjini, na maji ya kuoshea yanakwenda wapi. Ingia kliniki za meno, uliza hospitali vipimajoto vya zamani viliishia wapi. Vijana wenzangu tunapenda mashine kwa sababu mashine inapigwa picha ya uzinduzi. Kumshawishi mtu abadilishe sabuni hakuna utepe wa kukata, lakini ndiko kulikoshusha namba yetu.

Na utashangaa: maabara hunasa mvuke wa zebaki kwa dhahabu. Wachimbaji wa Geita hutumia zebaki kukusanya dhahabu, sisi tunatumia dhahabu kukusanya zebaki.

Jumanne tunachukua sampuli tena. Msimamizi mpya amenirudisha kwenye timu. Dada yule atashika chupa, mimi nitashika mfuko wa nje, nikiwa nimesimama upande ambao upepo unakwenda.