Maswali ya Wasomaji: "Umeelewa?" Si Swali la Kumuuliza Mama

Barua tatu safari hii, kutoka Kyegegwa, Kasese na Jinja, hapa Uganda. Wanaojibu ni wauguzi wa watoto.

Swali: Ninafanya kazi katika kituo cha afya cha ngazi ya 3, Kyegegwa. Akina mama wengi wanaokuja ni Wakongo, na Kiswahili tunasikilizana vizuri. Nikishaeleza dawa nauliza "umeelewa?" nao hujibu "ndiyo". Siku chache baadaye mtoto anarudi na homa ileile, na vidonge vimebaki. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, swali hilo liache kabisa. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri, mtoto analia mgongoni na watu wanasubiri nyuma yake, hawezi kukujibu "hapana". Ataona anakukosea heshima. Lawama ichukue wewe: "Mama, nimesema mengi na kwa haraka. Hebu nieleze, leo ukifika nyumbani utampa dawa vipi?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kuanza.

Tuchukue Coartem, dawa ya malaria. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa vidonge 6: kimoja kila dozi, dozi 2 kwa siku, siku 3. Tunaandika "1 x 2" kwenye bahasha tukidhani yametosha. Kumbe dozi ya pili inatakiwa baada ya masaa 8. Aliyemeza ya kwanza kituoni saa nane mchana ameze ya pili saa nne usiku, asingoje kesho asubuhi. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Sababu ni kwamba artemether, dawa ya kwanza iliyo ndani ya kidonge, hufanya kazi upesi na kuisha mwilini upesi. Lumefantrine, dawa ya pili iliyo ndani ya kidonge hichohicho, huingia vizuri mwilini ikikuta mafuta, kwa hiyo mtoto anyonye, au apate maziwa au uji wa karanga. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi irudiwe, na mama ajue mapema kwamba atarudi kuchukua kidonge cha kufidia.

Vidonge vinavyobaki mara nyingi vina sababu moja: homa imeshuka siku ya pili, mama akaviweka kwa ajili ya mtoto atakayeugua baadaye. Usimgombeze. Muulize kabla hajaondoka, "Kesho akiwa anacheza, vilivyobaki utavifanyaje?" Jibu lake litakuonyesha pa kurekebisha.

Na ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha, ni vivyo hivyo. Kumwambia "lita moja" hakumsaidii asiye na chombo cha kupimia. Muulize nyumbani ana nini. Kwa pakiti ya lita 1, chupa 2 za maji za nusu lita zinatosha, na achanganye ya kwanza mbele yako. Maji yakiwa machache chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi mno dawa haina nguvu. Baada ya masaa 24 yaliyobaki yamwagwe.

Usisahau kuuliza ni nani mwingine anayemlisha mtoto. Akiwa ni bibi au shangazi, mpigieni simu palepale. Na mama akutajie kwa mdomo wake dalili za kumrudisha mtoto mara moja: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Swali: Mwanangu ana miaka 4. Akisumbua, watu humwambia "musawo (mhudumu wa afya) atakudunga sindano". Sasa akiona muuguzi tu anapiga mayowe. Nifanye nini? Mama, Kasese.

Jibu: Mama, kwanza kitisho hicho kikome nyumbani, na majirani uwaambie. Madhara yake ni makubwa kuliko kelele. Tunapotafuta nimonia tunahesabu pumzi dakika nzima, na kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Akilia hesabu haiaminiki. Mwombe muuguzi ahesabu akiwa bado amekaa mapajani pako, kabla ya kumgusa. Koo na masikio yaje mwisho.

Ikiwa kuna sindano, usimwambie "haiumi". Akiumia mara moja, hatakuamini tena, wala sisi. Mwambie muda mfupi kabla: "Itauma kidogo, itaisha upesi, nami nitakushika." Mkalishe wima mapajani, umkumbatie, na apulize pumzi ndefu wakati wa kuchomwa. Aulizwe achague mkono wa kulia au wa kushoto. Asiulizwe kama anakubali, maana hapo hana uchaguzi.

Swali: Mjukuu wangu ana miaka 9 na anameza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI (VVU). Tulimwambia ni dawa ya kikohozi. Sasa anauliza kwa nini anameza wakati hakohoi. Jajja, Jinja.

Jibu: Jajja, swali lake ni la akili, na ni wakati wa kumjibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake. Mkimwacha na hadithi ya kikohozi, siku moja ataacha vidonge kwa kuwa kifua kimepona, na virusi vitaongezeka.

Nenda kliniki bila yeye kwanza, mpange na muuguzi nani atasema nini. Siku yenyewe muanze kwa kumuuliza: "Wewe unadhani dawa hizi ni za nini?" Huenda anajua zaidi ya mnavyofikiri. Kisha virusi vitajwe kwa jina lake, VVU, kwa sentensi fupi: vimo katika damu yake, dawa zinavilaza, akimeza kila siku atakua, atasoma, atakuwa na familia. Aambiwe wazi kwamba hakufanya kosa lolote. Akiuliza vilimpataje, asidanganywe, na mama yake asilaumiwe.

Mtajieni watu anaoweza kuzungumza nao, kwa majina: wewe, muuguzi wake, labda mjomba. Shuleni si lazima amwambie yeyote. Baada ya wiki 2 mrudini kliniki, kwa sababu maswali magumu huja baadaye, hasa usiku. Akinyamaza kabisa, akigoma kula au akificha vidonge, msingoje tarehe ya miadi.